Uji wa Namba Tisa

Bashige alikuwa na mwendo mmoja tu, na Kamembe nzima iliujua. Miaka ishirini alikuwa anavusha mayai kwenda Bukavu kwa mguu, trei kumi kichwani, kupitia daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza. Muntu wa mayai, alipenda kusema mwenyewe, hakimbii hata nyumba yake ikiwaka. Anatembea mpaka kwenye moto na heshima zake zote. Mvua ikishuka, wenzake wanatawanyika, yeye anabaki katikati ya barabara peke yake kama askofu aliyepotelewa na waumini. Watu walicheka, na yeye alitaka wacheke. Jumapili alikuwa mpiga ngoma wa mashabiki wa Nyota ya Mururu, na huko kuchekesha kwake kulipata uwanja mzima.

Leo alikuwa amekaa nyuma ya ngoma, mikono kwenye mapaja, hajachekesha mtu tangu asubuhi.

Ilikuwa siku ya kumkumbuka Elikia, namba tisa wao, mtoto wa Bukavu, aliyefia kwenye uwanja huu huu miaka minne iliyopita. Kila mwaka siku hiyo Nyota inacheza mechi ya kirafiki. Ikifika dakika ya tisa, refa anasimamisha mpira, mashabiki wanasimama na kumwimbia marehemu wimbo wake. Anayeanzisha ni Bashige.

Sasa, wimbo wenyewe. Elikia alikuwa fundi wa kuanguka. Beki akimpulizia sikioni tu, huyo chini. Anajiviringisha mara nne, anashika goti, analia, halafu anakumbuka kumbe lililoumia ni lile lingine. Bashige akamtungia maneno: *Maman, leta uji, Elikia eko mugonjwa; tia na sukari, atasimama mwenyewe.* Elikia alikuwa akiusikia, bado yuko chini, anainua kidole gumba nyuma ya mgongo ili refa asione. Kisha anasimama, mzima kama sufuria mpya.

Siku ile alianguka bila mtu yeyote karibu. Bashige aliona kwamba hii sasa imepita zote, kijana ameangushwa na upepo wa ziwa, akapiga ngoma. Uwanja mzima ukaimba. Refa alitabasamu, akamwashiria ainuke. Hata wabeba machela walikuwa wanaimba, machela yenyewe wameikalia. Bashige alipiga huku akingoja kile kidole gumba. Zilipita dakika tatu. Daktari alisema ni moyo. Walipomuuliza kama wangemfikia mapema ingekuwaje, alisema hapo hawezi kujua. Hilo "hawezi kujua" Bashige alilala nalo miaka minne, na ni baya kuliko kunguni.

Kwenye matanga kuna mtu aliuimba ule wimbo kwa machozi, wengine wakafuata, na tangu hapo ukawa wa heshima. Habari ya dakika tatu haikusemwa tena na mtu.

Leo mama yake Elikia alikuwa amekuja, kwa mara ya kwanza. Maman Nsimire, muuza unga wa muhogo kule Kadutu ya Bukavu, mwembamba, kitenge kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa, alivuka daraja asubuhi na termosi kubwa ya rangi nyekundu. Alifika kwenye jukwaa, akauliza nani wa ngoma, akaja kukaa karibu na Bashige kama mtu aliyekata tikiti ya kiti hicho.

Akaeleza alichokuja nacho. Siku ile kuna jamaa yao alikuwa uwanjani, akamtumia sauti kwa simu: Maman, sikia, wanamwimbia mwanao. Baada ya hapo ndiyo ikaja simu ya msiba. Aliitunza sauti ile. Alikuwa akiisikiliza kila jioni, anasikia uwanja mzima unamwita yeye, mama, alete uji. Kwa hiyo leo alikuwa ameuleta. Wa ulezi, wenye sukari. Akabonyeza simu, na Bashige akasikia ngoma yake mwenyewe, safi kabisa, na nyuma yake watu wanacheka.

"Banafurahi sana hapa," mama alisema. "Alikuwa ametoka kufunga, si vile?"

Bashige alisema mpira unaanza.

Ukaanza kweli. Mudathiru, mpiga tarumbeta, fundi wa saruji kutoka Bugarama, alikuwa amesikia yote. Akamvuta Bashige pembeni kwa mkono wa shati. Bashige akamwambia kwamba hawezi kupiga, na kwamba atamwambia yule mama ukweli. Mudathiru alikuwa mtu mpole. Aliongea kwa sauti ya chini, macho kwenye mchezo, kwamba mama amekuja na furaha yake moja, amevuka nayo mpaka, hata watu wa forodha hawakuigusa.

"Ukimunyanganya hii," alisema, "utamupatia nini pa nafasi yake?"

Bashige alirudi kukaa. Dakika ya sita, Nyota walikosa bao la wazi na hakuna aliyelaani. Dakika ya nane, Maman Nsimire alifungua termosi, harufu ya ulezi ikapanda, akaanza kupanga vikombe vya plastiki kwenye ubao wa jukwaa, kimoja kimoja, akiwahesabu watu wa ngoma.

Filimbi ikalia. Wachezaji wakasimama. Jukwaa zima likainuka na kumtazama Bashige.

Hakupiga.

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mama alisimama na kikombe cha uji mkononi, akatazama ngoma, halafu mwenye ngoma.

"Papa, juu ya nini munanyamaza?"

"Maman," Bashige alisema, "hakufunga. Alikuwa chini. Ile wimbo tulikuwa tunamuimbiaka akijiangusha, ya kumuchekelea. Ile siku tulizania anacheza. Tulimuimbia vile, naye anakufa."

Mudathiru aliinamisha kichwa. Mama aliumimina uji wa kile kikombe ukarudi ndani ya termosi, polepole, asimwage.

"Muda gani?"

"Dakika tatu."

"Ni wapi?"

Bashige akaonyesha kwa kidole: pale, upande wa goli la ziwani, kando ya mstari. Mama akafunga termosi, akashuka ngazi, akaingia uwanjani na viatu vyake vya kanisani. Wachezaji wakampisha. Refa alinyanyua filimbi, kisha akaishusha. Mama alipofika pale alizunguka kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kisha akaenda chini.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesogea pia. Uwanja mzima ulisimama unangoja, sawasawa na siku ile.

Bashige aliruka ngoma, akakimbia. Alikimbia vibaya, tumbo upande wake na miguu upande wake, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Watu waliomjua miaka ishirini walimtazama kama wanaona gari lisilo na dereva. Alifika akaanguka kwa magoti karibu na mama, anahema, akamshika mkono. Mkono ulikuwa na joto.

"Niko muzima," alisema Maman Nsimire. "Nimekaa tu."

Wakakaa. Mama alikuwa amekumbatia termosi. Aliuliza, bila kumtazama:

"Nani alianzisha ile siku?"

Bashige alikuwa amesema "tulimuimbia", na "tulizania". Angeweza kubaki humo. Mna watu wengi, mna joto.

"Ni miye, Maman. Ni miye nilipiga ngoma."

Refa alikuwa anaangalia saa na haoni la kufanya nayo. Bashige alijaribu kuhesabu dakika tatu kichwani, akapotea kabla ya kumaliza ya kwanza, akaanza tena. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni.

Mwishowe mama alijiinua mwenyewe. Bashige aliponyoosha mkono amsaidie, aliuwekea termosi.

"Beba," alisema. "Utanisindikiza mupaka kwenye daraja. Na usinichekeshe njiani."

Bashige akabeba, kwa mikono yote miwili, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila.