Jogoo Juu ya Kichwa cha Yua

Yua, binti wa kaka yangu Nyia Tou, alirudi kwao akiwa na mimba ya kujifungua leo au kesho. Mumewe alikuwa amemfukuza na kuoa mwingine. Nilimkuta amekaa nje, chini ya mchirizi wa paa la baba yake, mvua ikimrushia matope, kwa kuwa mlangoni alizuiwa.

Sisi wa ukoo wa Mua tuna mwiko. Binti akishaolewa ni wa mizimu ya mumewe. Akizaa nyumbani kwa baba yake au kwa ndugu wa baba yake, mizimu ya nyumba hukasirika na watu huugua. Mwiko huo nauheshimu. Lakini nilipomwona kaka yangu akimwezekea kibanda cha majani ya migomba kando ya banda la nguruwe, damu ilinichemka. Nilimuuliza kama hata nguruwe wake aliwaezekea ovyo hivyo. Akajibu bila kugeuka kwamba desturi hakuitunga yeye.

Nikamshika Yua mkono, tukapanda mlima hadi kwangu. Kaka akatufuata, akitutabiria vifo njia nzima.

Mlangoni nikamwomba mke wangu jogoo. Bibi-arusi anapofika kwa mumewe, baba mkwe humzungushia jogoo juu ya kichwa, na mizimu ya nyumba ile humpokea. Nikaanza kumzungusha juu ya kichwa cha Yua.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "hayo ni mambo ya bibi-arusi. Sasa unamwoa binti yangu?"

"Kama jogoo aliweza kumpeleka kwa watu waliomtupa, ataweza kumrudisha kwa wanaomtaka. Mizimu ya nyumba hii naipikia mimi, siyo wewe."

"Hayo masomo ya watu wazima unayokwenda usiku yamekuharibu kichwa."

"Na wewe mchana kutwa hujajifunza kitu. Sogea, anapita."

Yua akavuka kizingiti. Wali wa jioni haujaiva, mtoto wa kike akalia kando ya meko yangu.

Kesho yake kaka alikuja na kuku wa mzazi na majani ya dawa ya kutia kwenye mchuzi. Akasimama nje mvuani, akamwita mke wangu atoke avipokee. Mke wangu akainuka.

"Mama mdogo, kaa," Yua akasema kutoka kitandani. "Baba avilete mwenyewe humu ndani."

Kaka alisimama pale mpaka manyoya ya kuku yakalowa chapachapa. Kisha akainamisha kichwa, akaingia.

Karibu na moto kilikuwepo kigoda kimoja tu. Nilikuwa nimekikalia mimi, na sikumpisha.