Draya ya Msusi

Shemeji mtu alitangaza kwamba leo jiko la uani ni la wanaume, wanawake wapumzike. Msusi, mke wa mdogo wake, akapumzika kwelikweli, miguu juu ya kigoda.

Mchana ukasogea, mkaa ukatoa moshi tu. Shemeji alipepea kwa sahani na kupuliza mpaka macho yakamwiva, lakini vipande vya kuku vikabaki vyeupe juu ya wavu. Watoto wakaanza kulilia mkate.

Msusi akanyanyuka, akaleta draya yake ya saluni na waya mrefu wa umeme.

"Hicho si cha kukaushia na kusetia nywele?" shemeji akacheka.

"Ndicho. Kwani mkaa wako huoni umelowa?"

Akaiwasha, akaielekeza kwenye mkaa. Mkaa ukaalika, ukawa mwekundu, mafuta yakachuruzika na harufu ikavuka ukuta mpaka kwa jirani. Watoto wakashangilia. Shemeji, aliyekuwa bado ameinama pale pale, akainuka na kipara chote kimejaa jivu.

"Miaka yote unaniuliza draya yangu itakufaa nini na upara huo," Msusi akasema, akimkabidhi paja la kwanza. "Kula, shemeji. Leo umesetiwa."