Duka la Kwanza Mtaani

Mimi ni Nsimire, Mama Ange, na sisahau. Kanisani wananiambia nisamehe. Nawajibu nitasamehe nikishamaliza.

Mtaa wetu huku ughaibuni, karibu na stesheni ya Lidcombe, ulijengwa enzi za Malkia Victoria, na Waingereza waliotaka mtaa kama wa kijijini kwao. Alianza mhunzi peke yake. Watu walipomletea farasi, mwokaji mikate akafungua jirani, kisha muuza nyama, kisha posta. Abigail, binti wa Kikenya anayefanya kazi maktaba, ndiye aliyenieleza. Nikamwambia na sisi tumekua vivyo hivyo: nilianza mimi na vitenge, akaja mwenye mgahawa, kisha wengine.

Mmoja wao ni Balthazar, kinyozi. Alifika kutoka kambi ya wakimbizi hana hata kiti. Nikampa kona ndani ya duka langu, mwaka mzima, bure. Halafu akaenda kimya kimya kwa mwenye nyumba, akaongeza dau la kodi, nikatolewa mimi. Asante ya punda ni mateke.

Juzi maktaba ikaandaa maonyesho ya historia ya mtaa, na Balthazar akamwambia Abigail kwamba Mwafrika wa kwanza kufungua duka pale ni yeye. Jina la wa kwanza lingeandikwa kwenye kibao ukutani, likae hapo hata tukifa. Duka alichukua, na jina pia achukue? Thubutu.

Kwetu hufungui biashara kabla mchungaji hajaiombea nawe hujatoa ushuhuda, huku mtu akirekodi. Siku ya kuombea kona ya Balthazar, aliyeshika simu nilikuwa mimi. Nikampelekea Abigail video, nikamwomba aionyeshe baada ya hotuba ya bwana huyo.

Siku ya maonyesho alikuja amevaa suti. Alisifu ujasiri wake dakika ishirini. Kisha kwenye video ukutani akatokea yeye mwenyewe, amepiga magoti katikati ya vitenge vyangu, analia: "Mungu ambariki Mama Ange. Duka ni lake, hapa alianza yeye. Mimi amenipa kona tu."

Watu wakageuka kumtazama, na watoto wake pia. Nilifurahi, sitadanganya.

Balthazar akanifuata mlangoni. "Mama Ange, umeniaibisha mbele ya watoto wangu."

"Mimi sikusema neno, baba. Umesema wewe."

Abigail akaja na kalamu, akaniuliza kama Balthazar aandikwe wa pili, chini ya jina langu. Nikamtazama Balthazar machoni.

"Wa pili alikuwa mwenye mgahawa," nikasema. "Huyu hakuwa na duka."