Jua Halibebi Chumvi

Shamte alichovya kidole bwawani, akakiweka ulimini, akatulia kidogo, kisha akatema pembeni kwenye nyasi.

"Chumvi ipo," alisema. "Inatosha kabisa. Usiongeze hata kijiko."

Klementi hakumtazama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha pampu, macho kwenye kioo kidogo cha mashine iliyofungwa ukutani, simu mkono mmoja, funguo za gari mkono wa pili. Msimamizi huyu aliletwa kutoka Dar es Salaam mwezi wa tatu, aje kuiangalia nyumba ya mapumziko ya Mama Valeria, na mpaka leo viatu vyake vilikuwa havijakubali kwamba Kilwa Masoko kuna mchanga.

"Mashine inasema chumvi ni moja nukta tisa," alisema Klementi. "Inatakiwa tatu na nusu. Wewe unaniletea habari za ulimi."

"Mashine imeziba, bosi. Nimekwambia tangu wiki iliyopita. Niruhusu niifungue."

"Huifungui. Hiyo ina fundi wake."

"Fundi wake yuko wapi?"

"Dar."

Shamte aliyatazama maji. Yalikuwa yameanza kuchukua rangi, kama maji yaliyooshewa mchicha. Na kesho, Jumamosi, mwenye nyumba alikuwa anakuja na wageni wake, watu waliokwisha kuambiwa kwamba kuna bwawa la kuogelea la maji ya chumvi, laini, yasiyowasha macho.

Miaka minne Shamte alikuwa ameyalea maji yale. Kila asubuhi, kabla hajaokota jani hata moja, alijaza vichupa viwili, akatia matone mekundu katika kimoja na matone ya njano katika kingine, akaviinua kwenye mwanga. Njano ikipauka, dawa ya kuua uchafu imepungua. Nyekundu ikikimbilia zambarau, maji yamepoteza uchachu wake na yanataka asidi kidogo. Kazi yote ilikuwa hiyo, kuyashika maji katikati, yasiegemee huku wala kule. Na maji ya kisima cha pale yalipenda kuegemea. Yalitoka chini ya mwamba wa matumbawe yakiwa yamebeba chokaa, na chokaa ikikosa asidi hutafuta mahali pa kuganda.

Asidi ilikwisha mwezi wa nne. Shamte aliomba mara tatu. Mara tatu Klementi alijibu, "Tutaangalia." Tangu hapo kichupa kilikuwa zambarau kila asubuhi.

"Nikuulize jambo," Klementi alisema, na sasa aliipandisha sauti makusudi, kwa maana Happiness, mpishi, alikuwa ametoka na beseni la samaki, na Modesti, mlinzi, alikuwa ameegemea geti. "Tangu mwezi wa Ramadhani yameingia hapa magunia sita ya chumvi. Mashine inasema hayamo. Chumvi ina miguu?"

"Haina."

"Basi imekwenda wapi?"

"Haijakwenda popote. Jua linabeba maji, bosi. Halibebi chumvi. Mimi nimekulia kwenye majaruba ya chumvi, upande wa Mchinga. Tunaingiza maji ya bahari jaruba la kwanza, jua linakunywa. Tunayasogeza la pili, linakunywa. La tatu, hivyo hivyo. Mwisho maji hakuna, chumvi ndiyo hiyo tunaikwangua. Jua lingekuwa linabeba chumvi, marehemu baba yangu angenilisha nini?"

Happiness alicheka kidogo. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Klementi.

"Kama halikubeba jua, kabeba mtu. Na ufunguo wa stoo unao wewe. Sokoni wanauza chumvi, au hawauzi? Mwizi ni mwizi tu, hata akiiba chumvi."

Neno lilitoka, likatua katikati ya ua. Modesti aliacha kuegemea geti. Happiness aliinamia samaki wake kana kwamba ndio kwanza anawaona.

Mikono ya Shamte, mikono iliyopasuliwa na maji makali ya majarubani tangu akiwa na miaka tisa, ilitaka kufanya kitu, akaifunga nyuma ya mgongo. Angeitwa mvivu, angenyamaza. Mjinga, angenyamaza. Lakini mtoto wa Amiri Shamte, aliyezaliwa ndani ya chumvi, akaogeshwa na chumvi, akamzika baba yake mwenye nyufa nyeupe za chumvi miguuni, leo anaitwa mwizi wa chumvi.

"Umelisema mbele ya watu," alisema polepole. "Utalitoa mbele ya watu. Hawa hawa."

"Nenda zako."

"Kwenda nitakwenda. Ila hilo utalitoa."

Klementi alimwita Modesti, akamwamuru ashushe magunia manane ya chumvi kutoka kwenye gari. Shamte alimwonya mara ya mwisho. Chumvi kuiingiza ni kazi ya dakika, alimwambia, na kuitoa hakuna njia ila kuyamwaga maji yenyewe. Klementi akapasua gunia la kwanza kwa ufunguo wa gari. Chumvi iliteremka majini kama moshi mweupe unaorudi chini badala ya kupanda. La pili, la tatu, mpaka la nane. Baada ya saa nzima pampu ikizungusha, kioo kikaonyesha tatu nukta sita.

"Umeona?" Klementi alisema. "Palikuwa na upungufu."

Shamte alikuwa amekwisha kuvaa kandambili zake.

* * *

Restuta alikuwa anakuna nazi nyuma ya kibanda chake alipoona kivuli. Alikuwa mama wa Kimakonde, mpana, mwenye ulimi usiolala, naye aliuza tembo, pombe ya mnazi, kwa wote waliolitaka hadharani na kwa wengine waliolitaka kwa mlango wa nyuma.

"Haya, leo dunia imefika mwisho," alisema. "Shamte wa safu ya kwanza msikitini. Umepotea njia, au njia imekupoteza?"

"Shikamoo dada Restuta."

"Marahaba. Mlango wa nyuma ni ule."

"Mimi nimepita wa mbele, na nitatoka wa mbele. Nataka siki. Lile tembo lililokaa mpaka likakasirika. Uliloliacha miezi."

Restuta aliacha kukuna. "Ya kachumbari?"

"Ya chokaa. Kuna chuma kimeganda chokaa, asidi wameninyima."

"Siki ninayo, mpaka mbuzi akiinusa anapiga chafya. Lakini nikwambie, mdogo wangu. Ukitoka hapa na galoni mkononi, kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima umeshakulevya. Watakuona unayumba hata ukiwa umekaa. Nikufungie kwenye kapu, nifunike na mihogo?"

"Nimekwisha kuitwa mwizi leo. Nikificha galoni, nitakuwa nimekubali."

Restuta aliingia ndani, akatoka na galoni la njano lenye ukungu shingoni, akalifuta kwa kanga yake mwenyewe.

"Una hasira nzuri," alisema. "Usiimwage njiani."

Shamte alipita nayo barabara kuu, katikati, mbele ya vijana wa bodaboda. Mmoja alipiga mluzi. Mwingine akamuuliza kama leo ni sikukuu. Na pale kwenye duka la vocha, Modesti alikuwa amesimama, akaliona galoni, akaona lilikotoka, akainamia simu yake.

* * *

Jumamosi, alipotoka kuswali alfajiri, Shamte hakurudi nyumbani. Aliingia kwenye kibanda cha pampu, akazima umeme, akafunga valvu mbili, akalifungua bomba la mashine kwa mikono yake mwenyewe.

Ndani kulikuwa na mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Umeme hupita katika mabati hayo, ukaigeuza chumvi kidogo ya maji kuwa dawa, na dawa ikimaliza kazi yake hurudi kuwa chumvi ile ile. Hakuna kinachopotea. Lakini kurasa zile zilikuwa zimeshikana. Chokaa nyeupe ilikuwa imezijaa kutoka pembe hadi pembe, ngumu, yenye vinundu, kama kipande cha jiwe la kujengea. Umeme haukuwa na pa kupita. Na kwa sababu mashine ilipima chumvi kwa umeme huo huo, iliona umeme umekwama ikasema chumvi imekwisha.

Alivunja kipande kwa ukucha, akakiweka juu ya dirisha la kibanda. Akaziba bomba upande mmoja, akamimina siki.

Ilichemka. Povu lilipanda na sauti ndogo ya kunong'ona, na harufu ya tembo lililokasirika ikajaa kibanda, ikatoka nje, ikatembea mpaka barazani. Saa mbili ilipogonga alikuwa amebadilisha siki mara tatu, na mabati yalikuwa yanang'aa. Hapo ndipo Klementi alipotokea, leso puani.

"Modesti aliniambia nikakataa kuamini," alisema. "Kumbe kweli. Asubuhi yote hii? Mwizi, na sasa mlevi."

Happiness alikuwa dirishani mwa jiko. Modesti alikuwa nyuma ya Klementi, anatazama chini.

Shamte alimnyooshea galoni. "Onja."

"Mimi nionje pombe yako?"

"Ni siki. Onja, kisha uwaambie hawa ni nini."

"Nimempigia mama, anajua kila kitu. Rudisha hicho chuma mahali pake, uondoke kabla hajafika."

Shamte alirudisha bomba, akakaza, akafungua valvu moja, na ya pili, akawasha umeme. Hakuondoka. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akatazama kioo pamoja na mtu aliyemtukana, bega kwa bega, kama watu wawili wanaosubiri gari moja.

Tarakimu zilipanda. Mbili. Tatu nukta tisa. Tano. Klementi alishusha leso. Sita nukta nane. Zilisimama kwenye saba nukta nne, taa nyekundu ikawaka, mashine ikalia mara tatu, ikajizima yenyewe.

"Imefanya nini?" Klementi aliuliza.

"Imekataa. Chumvi imezidi. Ile tatu na nusu uliyokuwa unaitafuta ilikuwamo humu tangu jana. Magunia yako manane yamekwenda juu yake."

Nje ya geti gari lilipiga honi.

* * *

Mama Valeria alishuka na miwani ya jua, na nyuma yake wageni sita wenye taulo mabegani. Aliyaona maji kabla hajamwona mtu.

"Mbona ya kijani?"

Klementi alianza kueleza, maneno mengi, haraka. Shamte alingoja amalize. Kisha akatoa amkio, akaeleza kwa maneno machache. Akachukua kile kipande cheupe dirishani, akakiweka katika kiganja cha mwenye nyumba. Mama Valeria alikigeuza, akakikwaruza, akatazama taa nyekundu. Hakuwa mtu mzito wa kuelewa.

"Kwa hiyo kuna dawa gani?"

"Maji yatoke, mama. Zaidi ya nusu. Yajazwe mengine, na asidi inunuliwe. Keshokutwa mtaogelea."

"Basi yatoke."

"Modesti," Klementi alidakia, "fungua valvu ya nyuma."

"Ya nyuma inatokea kwa jirani, bibi Mwanaidi," Shamte alisema. "Inaingia kwenye matuta yake ya mchicha na kisima chake. Maji ya chumvi hii yakifika pale, hakioti kitu mpaka mvua mbili zipite. Mimi nitatandika bomba mpaka ufukweni. Ni kazi ya mchana mzima, nitaifanya."

"Vizuri. Ifanye," Mama Valeria alisema, na alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea kwa wageni wake.

"Bado, mama."

Aligeuka tena. Shamte alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa valvu. Mpini wa kufungulia, kipande cha chuma chenye urefu wa mkono, alikuwa ameulaza magotini.

"Jana niliitwa mwizi, hapa uani. Leo nikaitwa mlevi. Happiness alisikia. Modesti alisikia."

"Shamte, nina wageni. Maneno yenu mtayamaliza baadaye, ninyi wawili, mkikaa."

"Hayakusemwa tukiwa wawili."

Mgeni mmoja aliketi ukingoni, akaingiza mguu majini, akautoa. Happiness alikuwa ametoka jikoni bila kuitwa, mikono ikidondosha maji, akasimama pale pale aliposimama jana. Modesti naye alisogea taratibu, mpaka akafika kwenye geti, mahali pake pa jana.

"Na nikisema utoke sasa hivi?" Mama Valeria aliuliza. Hakukuwa na ukali katika sauti, alitaka kujua tu.

"Nitatoka. Mpini nitamwachia Modesti. Lakini nitatoka nikiwa mwizi, na kila nyumba yenye stoo hapa Masoko itakuwa imefungwa kwangu. Nina watoto wawili wanaoniita baba mbele ya wenzao."

Mama Valeria alivua miwani. Alimtazama Klementi, akakiweka kile kipande cha chokaa juu ya meza ya bustani, katikati, mbele yake.

Klementi alikitazama. Alitazama kioo cha mashine, kama vile kingeweza kubadili kauli. Kisha akatembea mpaka ukingoni mwa bwawa, viatu vikijaa mchanga, akachuchumaa. Ilimchukua muda kufika chini. Akachovya kidole. Akakiweka ulimini.

Uso wake ulijikunja wote, kuanzia midomo mpaka paji.

Shamte hakunyanyuka. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akangoja. Klementi alisimama, akageuka kuwaelekea watu waliokuwa uani, mdomo umejaa mate ya chumvi, akaufungua, na hakuna aliyeweza kujua bado kama anataka kutema au kusema.