Zamu Isiyopokewa

Mlinzi alirudi asubuhi kama kawaida, akavua buti za mpira mlangoni, akazipigiza ukutani tope litoke, kisha akafungua kinywa kumwomba mkewe maji ya kuoga. Hakikutoka kitu. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi mashati ya watu, akaisimamisha pasi na kumtazama.

"Sauti umeiacha wapi?"

Mlinzi akaelekeza kidole juu kilimani, kwenye nyumba za mageti.

Ilikuwa imebaki kazini. Mlinzi wa mchana hakutokea; alikuwa amepunguzwa kazini jana yake na hakuna aliyeona haja ya kusema. Na sheria ya lindo ni moja: huondoki mpaka upokewe. Radi, kama majirani walivyomwita mlinzi huyu wa usiku kwa jinsi salamu yake ilivyotikisa mabati ya mtaa mzima, alisubiri mpaka jua likawa kali, miguu ikamshinda, ikamleta nyumbani. Sauti, ambayo siku zote ilikuwa na nidhamu kuliko yeye, ikabaki getini.

"Itarudi ikichoka," mkewe alisema, akamchotea maji.

Haikuchoka. Ilikesha na kushinda pale pale, ikiuliza kila apitaye, "Nani? Unamtaka nani?" Haikuomba koti la mvua, haikwenda msalani, wala haikufiwa na mama mkwe. Mwisho wa mwezi mlinzi akaambiwa asipande tena, kwa kuwa nafasi yake ina mtu. Matajiri wa nyumba za jirani walikuja kuisikiliza, wakarudi makwao wakiwatazama walinzi wao kooni.

Huku bondeni watu walizoea upesi. Wakimsalimia, anainua mkono. Watani wake walisema afadhali, sasa watoto wa mtaa watalala. Mkewe alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia, maana aliipenda ile sauti kuliko alivyowahi kumwambia mwenyewe, na sasa nyumba ilikuwa kimya kama iliyohamwa.

Kisha mlinzi akaanza kukonda. Suruali ikawa ya kufungwa kwa kamba, na chakula akawa anakitazama tu. Mkewe akampeleka zahanati. Daktari alimuuliza panauma wapi; akagusa kifua, akapewa dawa ya kifua. Waliporudi akagusa tumbo, akapewa ya tumbo. Safari ya tatu alijipapasa mwili mzima kama mtu anayetafuta funguo, na daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema."

"Sauti yake iko kazini," mkewe alieleza.

"Basi kaichukueni. Mgonjwa ajieleze. Mimi si mpiga ramli."

Mke akapanda kilima siku hiyo hiyo, na kanga ile ile ya asubuhi.

"Nani? Unamtaka nani?"

"Ni mimi. Twende zahanati, baba. Asubuhi moja tu, ukaseme panapokuuma."

"Siwezi, mke wangu. Sijapokewa."

"Basi niambie mimi, nikaseme."

"Mimi siumwi," sauti ilijibu kwa upole. "Anayeumwa yuko nyumbani."

"Nakupokea mimi, basi. Nenda, nitasimama hapa."

"Wewe si mlinzi. Usinitie matatani."

Mama mwenye nyumba akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mgeni kiti barazani, akamletea chai, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Nakuelewa kabisa, dada. Lakini nikitafuta mtu wa kuipokea leo, kesho nitamwambiaje aondoke? Na tangu ilipobaki, tunalala."

Mke akaimaliza chai yote, kwa sababu ilikuwa na sukari nyingi, na akajichukia kwa hilo njia nzima ya kushuka.

Mlinzi alikufa kabla mvua hazijaisha, kinywa wazi, akijaribu. Mkewe alimfunga kidevu kwa kitambaa safi alichokipiga pasi. Mazishini kila aliyesimama kumsifu alisifu ile salamu yake.

Kesho yake mke akapanda tena kilimani. Hakuwa na la kuomba. Aliona tu kwamba wote wanaohusika wameshaambiwa, isipokuwa mmoja.

"Nani? Unamtaka nani, mama?"

"Nimeleta taarifa ya msiba. Mume wangu amefariki. Tumemzika jana."

Sauti ikauliza:

"Aliumwa nini?"

"Hatukujua. Hakuweza kusema."

"Pole sana, mama," sauti ikasema, na ilisema kwa moyo, kama alivyokuwa akisema yeye. "Sasa sogea kidogo, gari linatoka."

Mke akasogea. Gari likatoka, geti likafungwa.