Milango Kumi na Minne, Mlinzi Mmoja

Ko. Ko. Ko. Kitu kilikuwa kinagonga ukuta nyuma ya mgongo wa Laban, kinapanda, kinashuka, kinatua, kinaanza tena. Laban hakugeuka. Alilipwa kutazama lango. Kisha kitu hicho kikamgonga goti.

Ko.

"Hapa pako imara," ilisema sauti ya mwanamke, na kalamu ikasikika ikiandika.

Alikuwa Daktari Hilde, mkaguzi aliyekuja kutoka Ujerumani kila baada ya miaka mitano, na kinyundo chake cha mti, kusikiliza kama kuta zina uwazi. Nyumba nayo ilitoka huko huko. Ilijengwa mashambani mwaka 1743 na bwana aliyetajirika kwa miwa ambayo hakuwahi kukata hata mmoja. Baadaye ikawa hospitali ya askari, ikawa shule, ikawa zizi la mbuzi, na ilipokaribia kuwa kifusi watu wakagundua kwamba ina thamani, wakaiwekea sheria ya kuilinda. Mwaka 2008 tajiri mmoja wa Doha akainunua. Ikafumuliwa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapewa namba, ikasimamishwa upya Al Rayyan, kando ya Doha. Paa lake lilikuwa limeinamishwa sana ili theluji iteleze. Theluji, kwa heshima zake, ikalifuata. Kila Desemba ilianguka juu ya paa hilo peke yake, na watu wa bustani wakaifagia pamoja na mchanga.

Sheria pia ilikuja na mizigo. Msumari haupigwi. Dirisha halibadilishwi. Jiwe lisipate joto kupita digrii ishirini na tano, maana jiwe la aina hiyo, likipata joto, huchoka. Basi mitambo ikafukiwa ardhini, ikawa inapuliza ubaridi kwenye kuta usiku na mchana. Ubaridi ulifika shubiri moja kutoka ukutani. Baada ya shubiri hiyo ilikuwa Agosti. Kuhusu uchovu wa walinzi, waliolala kambini Muaither watu kumi na wawili chumba kimoja, sheria haikusema kitu.

Ndiyo sababu Laban alijifunza kuegemea. Aliegemea miaka sita, mgongo na visigino. Mwaka wa nne visigino vikageuka jiwe, rangi ya asali kama ukuta, na jiwe likaanza kupanda. Aliendelea kutembea, kwa kishindo. Dereva wa basi la kampuni alilalamikia ngazi zake, basi.

Aliyefurahi ni Kassim wa Tanga, mwenzake wa kupokezana zamu. Desturi ya walinzi ni kwamba anayeingia zamu huandika kitabuni kila alichokipokea. Kwa miaka miwili Kassim alikuwa akiandika: "Milango kumi na minne, madirisha sitini na mawili, jiko la vigae moja, Mkenya wa mawe mmoja. Vyote salama."

"Umeniandika tena?"

"Kaka, ukiibiwa nitajitetea na nini?"

"Wacha ujinga, Kassi."

Alhamisi ya wiki hiyo Laban alikuwa asafiri. Baba yake alikuwa na siku ishirini katika chumba cha maiti kule Kisii. Yeye ndiye kifungua mimba, na udongo wa kwanza kaburini ni wake. Hakuna ndugu ambaye angethubutu kushika sepetu kabla yake. Meneja, ambaye wote walimwita Mudir, alimkatalia kibali cha kutoka nchini mara mbili, mara ya tatu akasaini. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa shati.

Daktari Hilde aliomba kitabu cha zamu. Akafungua kurasa moja moja, uso ukamchanua.

"Miaka miwili, bila kukosa hata siku moja!"

"Mama, ule ulikuwa utani tu," Kassim alisema.

"Utani ulioandikwa kila siku kwa miaka miwili ni kumbukumbu." Akaandika katika orodha yake: mlinzi, mmoja, jiwe na nyama, hali nzuri. Akambandika Laban namba begani.

Mudir alisoma kifungu cha sheria taratibu. Kitu kilichoorodheshwa hakitoki kiwanjani ila kwa idhini ya kamati. Kamati hukaa kila baada ya miaka mitano. Ilikuwa imekaa mwezi uliopita. Akaingiza vidole viwili mfukoni mwa Laban, akatoa kibali, akakichana bila hasira.

Kabla ya magharibi walimletea turubai la kivuli, bomba lake mwenyewe la ubaridi, na kamba nyekundu ili watu wasimguse. Miaka sita alikuwa ameomba kivuli. Kumbe kilichokuwa kinamponza ni kuwa mtu.

"Umefurahi sasa?" Mudir aliuliza, na alitaka kujua kweli.

Kesho yake Kassim, aliyekuwa anaanza likizo, alivuka kamba akachuchumaa.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Nisamehe, kaka."

"Gonga kisigino."

"Ni kosa la jinai hilo."

"Umeniandika, sasa nipunguze."

Kassim akagonga kwa ufunguo. Kikadondoka kipande cha ukubwa wa yai, akakifunga kwenye leso. "Tanga mpaka Kisii, kaka! Wanangu hawajaniona miaka mitatu."

"Kisii kwanza."

"Haya. Kisii kwanza."

Laban akampigia mkewe Nyanchama, akamkuta mlangoni pa chumba cha maiti.

"Baba Kerubo, wazee wanauliza unafika lini."

"Ingia ndani. Mwekee Mzee simu sikioni."

Nyanchama akaingia. Mlango ukalia, viatu vikalia sakafuni, kisha shuka ikavutwa.

"Baba, ni mimi," Laban alisema. "Udongo wako wa kwanza unakuja na Kassim, na ni mimi kweli, usitie shaka. Kilichobaki nitakileta. Hata kama ni kipande kwa kipande, Baba, nitafika nyumbani."