Ubeti wa Tatu

Chiriku alitema makohozi kwenye sinki la choo, akafungua bomba. Maji yalipita juu yake na hayakuyaondoa. Makohozi yalikuwa ya kijivu, mazito, ikabidi ayasukume kwa kidole. Vumbi la saruji likishapata maji linajua kazi yake, hata likiwa ndani ya mtu.

Nje ukumbi ulikuwa unajaa. Zamani ulikuwa ghala la magunia. Vijana wasanii wakachora kuta, wakainua jukwaa la mbao, wakaanza kupiga humo muziki ule usiopigwa redioni. Walikuja wanafunzi wa chuo, waandishi wa habari, na watu wa viatu vya bei wanaopenda kuzisikia shida za wenzao, mradi shida zenyewe ziwe na ngoma nzuri. Leo walikuja pia wanawake wa kiwanda cha saruji, wenzake Chiriku wa kitengo cha kujaza mifuko. Walisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Wifi yake aliingia chooni bila kubisha.

"Umejificha, Chiriku? Au unapaka poda?"

"Poda gani tena, wifi? Ya kiwandani haijatutosha?"

Walicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, Chiriku akashika ukuta, wifi akampigapiga mgongoni mpaka kikatulia.

"Utamtaja mume wangu?"

"Kaka yangu nisipomtaja mimi, atatajwa na nani?"

"Daktari wa kiwanda kaandika kifua cha kurithi. Baba yenu kafa mzee, kifua kizima. Sasa marehemu karithi kwa nani?"

Wimbo aliokuja kuuimba ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza uliisifu kazi kwa kejeli. Wa pili uliuliza kwa nini barakoa hugawiwa siku ya ukaguzi tu. Wa tatu uliwataja waliokufa, mmoja mmoja, na kiwanda kilichowaua. Huo wafanyakazi hawakuwahi kuuimba nje ya misiba yao. Leo waandishi wangeusikia, na neno likishatoka halirudi.

Kwenye ujia wa kuelekea jukwaani alisimama afisa uhusiano wa kiwanda, suti imemkaa vizuri. Kando yake mpiga gitaa, kiongozi wa kundi, alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Dada yangu, pole na kifua," afisa alisema. "Nimezungumza na mkubwa. Kuna kitanda hospitali kuu, mashine ya hewa, dawa, kila kitu. Kuanzia kesho."

"Nashukuru."

"Na sisi ni wapenzi wa sanaa, hatumzuii mtu. Beti mbili za kwanza nzuri sana, zinachekesha. Huo wa tatu ndio uache. Familia za marehemu zitaumia."

"Familia ya marehemu ndiyo mimi."

Afisa alitabasamu. "Basi wewe utaelewa kuliko wote."

"Dada, vipaza sauti kavilipia kiwanda," mpiga gitaa alinong'ona. "Mimi sina kauli."

Asiseme mtu kwamba Chiriku hakutaka kuishi. Alikuwa akilala ameketi, mto mgongoni, akiiogopa kila alfajiri. Aliitamani mashine ile ya hewa mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akamkumbuka kaka yake siku za mwisho, akifungua mdomo kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Potelea mbali, alisema moyoni. Nitamtaja. Akapanda jukwaani.

Ubeti wa kwanza watu walicheka. Wa pili walipiga miluzi, wakarukaruka, na vumbi la sakafu ya lile ghala likapanda hadi kwenye taa. Mpiga gitaa alipunguza mwendo, akamtazama. Chiriku akavuta pumzi alitaje jina la kaka yake.

Kifua kikafunga. Alijaribu tena, ukatoka mkoromo mwembamba ambao hata kipaza sauti hakikuujali. Akashikilia mti wa kipaza sauti asianguke. Mpiga gitaa, kwa huruma au kwa woga, aliudaka ubeti na kuupiga wote kwa nyuzi, bila neno hata moja, ukaisha. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Aliposhuka, afisa aliupokea mkono wake kwa mikono miwili.

"Ahsante, dada yangu. Nilijua una busara. Kesho asubuhi gari litakufuata."

Chiriku alitikisa kichwa. Alitaka kumwambia siyo, sikukubali, ni pumzi tu iliyoniangusha. Midomo ilicheza, sauti haikuja.

"Usiseme kitu," afisa alimwambia kwa upole. "Pumzika."

Wanawake wa kiwandani walikuwa wanatoka. Wifi yake alibaki wa mwisho. Alisimama mlangoni akiutazama ule mkono ndani ya mikono ya afisa, kisha akavuta mtandio wake, akafunika pua na mdomo, akageuka.

Chiriku aliuinua juu mkono uliobaki na kuupunga, wifi asimame, amsubiri. Watu wa viti vya mbele wakadhani anawaaga. Wakampungia nao, wakicheka, wengine wakisimama.